Nyuzi Zilizogoma

Emérence alipoinua kifuniko asubuhi ile, hakuhitaji darubini. Nyuzi zilikuwa zimejikunja ndani ya kikombe kama mikia ya panya. Aligusa ya kwanza kwa koleo ndogo, ikakatika. Akagusa ya pili, nayo ikakatika. Ya tatu hakuigusa. Aliitazama tu.

"Tena," alisema.

Maabara ilikuwa tupu, na nje mvua ilikuwa inapiga mabati ya jengo la sayansi kana kwamba inadai kitu.

Alikuwa asistanti wa fizikia katika chuo kimoja cha Bukavu, na huu ulikuwa mwaka wake wa tatu kwenye udaktari. Kazi yake ilikuwa nyuzi za keramiki, nyembamba kama tambi, zile ambazo wanafizikia wanaziita ferroélectrique. Ukizibana zinatoa umeme kidogo, na ukizipa umeme zinajinyoosha. Emérence alitaka kuzibandika kwenye vyuma virefu na kuvichomeka vyuma hivyo kwenye miteremko ya mji, ili zisikie udongo unapopasuka huko ndani kabla mlima haujashuka na nyumba za watu. Bukavu hakuna haja ya kumweleza mtu sababu. Kila masika mlima unashuka mahali, na kila mmoja anamjua mtu aliyezikwa.

Shida ilikuwa moto. Unga unakandwa na gundi, unasukumwa kwenye tundu dogo, unatoka uzi. Uzi unakaushwa, kisha unachomwa mpaka chembe zake zishikane bila kuyeyuka. Hiyo ndiyo frittage, na hapo ndipo mambo yote yanapoharibika. Joto likipungua kidogo tu, uzi unabaki na matundu ndani na kuvunjika kama biskuti. Likizidi kidogo, chembe zinanenepa ovyo, uzi unaanza kuyeyuka na kugandamana na mwenzake. Tena ndani ya unga ule mlikuwa na sodiamu na potasiamu, vitu viwili visivyopenda kukaa. Moto ukiwaka vinageuka mvuke na kuondoka zao. Ndiyo maana nyuzi huzikwa ndani ya unga wa aina yake, kwenye kikombe cha alumina kilichofunikwa vizuri, ili hewa ya mle ndani ijae mvuke na zile nyuzi zisiwe na pa kupoteza kitu.

Yote hayo Emérence aliyajua. Alikuwa ameyafundisha. Na kama nyuzi zingekuwa zinaharibika kila mara, angekubali kwamba unga wake ni mbaya na kuanza upya. Kilichomkera hadi kumnyima usingizi ni kwamba wakati mwingine zilikubali. Unga ni uleule, joto lilelile, saa zilezile. Wiki moja nyuzi zinatoka zimenyooka, ukizidondosha mezani zinalia kama shanga, ukizibonyeza sindano ya mashine inaruka. Wiki inayofuata, mikia ya panya.

Alilaumu umeme wa mji, akatafuta kifaa cha kuusawazisha. Alilaumu unyevu wa ziwa, akawa anakausha unga mara mbili. Alilaumu hata chupa ya niobium, madini yaliyokuwa kiungo cha tatu cha unga wake, na hasira yake juu ya chupa hiyo ilikuwa na historia. Niobium inachimbwa pamoja na coltan huko juu Kalehe, inaondoka kwenye magunia, inasafishwa ng'ambo, kisha inarudi Bukavu ikiwa unga mweupe kwenye chupa ndogo kama ya dawa ya kikohozi. Siku alipokwenda kuichukua, afisa wa forodha alimuuliza, "Hii bidhaa inatoka inchi gani?"

"Hapa," Emérence alijibu.

"Maman, usinicheze. Inchi gani?"

Alisimama pale asubuhi nzima.

Siku ile ya mikia ya panya, Profesa Grégoire, mwenye kuongoza utafiti wake, alimwita ofisini. Alikuwa mzee mpole, na upole wake ndio uliochosha, maana mtu hapati pa kugombania.

"Emérence, ma fille, kaa. Umekula?"

"Ndiyo, Professeur."

"Bon. Nimewaza sana juu yako. Moto haina kosa. Umeme haina kosa. Nafikiri ni mukono."

"Mkono?"

"Mukono yako. Kuko batu ya theoria na kuko batu ya manip, ya kazi ya mikono. Haiko aibu." Alimsogezea karatasi. "Badilisha sujet. Chukua matofali. Udongo wa Bagira, matofali ya kuchoma, iko utafiti muzuri, itasaidia batu. Tofali hairingi."

"Professeur, kuna zinazotoka vizuri. Umeziona."

"Nimeziona. Lakini kintu yenye inafanikiwa leo na kesho inakatala, ile haiko science. Ile iko bahati." Alitabasamu. "Waza mpaka mwisho wa mwezi."

Emérence alitoka na karatasi ya matofali mkononi. Kwenye korido alikutana na Hugues, naye kama kawaida alikuwa anatafuta kitu cha kuazima.

Hugues alikuwa asistanti wa jiolojia, jirani yake wa mlango wa pili. Walitumia tanuri moja. Siku za Emérence alichoma nyuzi, siku zilizobaki Hugues alichoma mawe aliyoletewa na watu wa Mwenga wakitaka kujua yana nini ndani. Alikuwa kijana mcheshi, hodari darasani, na mikono yake haikujua mpaka. Kalamu, chaja, mwavuli, sukari: chochote ulichoweka chini kwa dakika mbili kilikuwa mikononi mwa Hugues, na kilirudi baadaye, mahali pengine, kikiwa na hali nyingine. Mtu mwingine Emérence angemfungia mlango zamani. Lakini Hugues alikuwa anamuoa Charlène, mdogo wake wa tumbo moja. Mtu akishakuwa shemeki wako, mwavuli wako unakuwa mwavuli wa ukoo.

"Shemeki! Uko na scotch ya kubandika?"

"Sina."

"Na sura hii? Nyuzi tena?"

"Tena."

"Aah, pole. Hizi bitu biko na roho mubaya." Alimpiga begani na kwenda kuuliza scotch mlango unaofuata.

Jumapili hiyo ukoo wa Hugues ulikuja Bagira, nyumbani kwa kina Emérence, kujitambulisha. Mama yake Emérence na Charlène, Maman Agnès, alikuwa ameamka kabla ya kuku. Viti viliazimwa parokiani. Palikuwa na bugari, ugali wa muhogo, na sambaza, dagaa wa ziwani, za kukaanga, nyama ya mbuzi, bia ya Primus kwa vijana na kasiksi, pombe ya ndizi, kwa wazee. Charlène alikaa kimya kwenye kitenge kipya, macho chini kama inavyotakiwa, ingawa Emérence alimwona anahesabu sahani kwa pembe ya jicho.

Hotuba zilikwenda vizuri. Tonton Xavier, kaka mdogo wa marehemu baba yao, ndiye aliyezungumza kwa niaba ya nyumba, na alizungumza kirefu kama mtu aliyeisubiri siku hiyo tangu ubatizo wake. Walipoanza kula, aligeuka upande wa Emérence.

"Na weye, docteur wetu? Utamaliza lini? Mudogo wako anaolewa, weye uko na nyuzi."

Watu walicheka. Emérence naye alicheka kidogo. "Moto ndio inanisumbua, Tonton. Siku moja inakubali, siku ingine inakatala."

"Moto unakatala namna gani? Moto ni moto."

Hapo Hugues aliona nafasi ya kumtetea shemeki wake mbele ya wazee. Aliweka sahani chini, akafuta vidole.

"Hapana, Tonton, haiko kosa yake. Ile kazi iko délicate sana. Hata kikombe cha kuchomea inapashwa kufungwa sawasawa. Na tangu ile kifuniko ilinianguka, miye mwenyewe naona hata mawe yangu inatoka vingine."

Emérence alikuwa ameshika sambaza kati ya sahani na mdomo.

"Kifuniko gani?" aliuliza.

"Kile cha kikombe chako ya akiba. Niliazima, mwezi wa tatu hivi. Haikuvunjika! Ilifanya tu ka fissure kadogo, hata haionekane. Nikaifuta, nikairudisha mu kabati."

"Ukairudisha na kikombe yake?"

Hugues alifikiri. Mtu angeona kabisa kwamba anafikiri kwa mara ya kwanza. "Kikombe yake, ao ile ingine. Siku moja ninachukua hii, siku moja ile. Biko sawa, shemeki. Kifuniko ni kifuniko."

Wazee walitikisa vichwa kukubali kwamba kifuniko ni kifuniko. Tonton Xavier alimjazia Hugues glasi.

Emérence alitabasamu. Wageni walikuwa wageni, na mama yake alikuwa anamtazama kutoka mlango wa jikoni. Aliweka sahani juu ya kiti, akaomba radhi, akapita jikoni, akatoka mlango wa nyuma mpaka kwenye migomba. Hapo akafungua mdomo.

Alisema mengi, mengine kwa Mashi, lugha ambayo hakuwa amemgombeza mtu kwayo tangu utoto. Aliiambia migomba kwamba amesoma mvuke, amepima unga mpaka macho yakamtoka, amesimama forodhani kama mwizi wa chupa, ameambiwa ana mkono mbaya na mzee aliyemsogezea matofali. Na kumbe wakati wote huo sodiamu ilikuwa inatoka zake taratibu kwenye ufa wa kifuniko, kwa sababu kuna mtu duniani anayeona kwamba vitu viwili vikifanana ni kimoja.

"Yaya?" Charlène alimwita dada yake. Alikuwa amesimama nyuma yake, visigino vya viatu vyake vipya vikizama kwenye udongo. "Uko naongea na nani?"

"Na migomba. Hii inasikia."

"Amefanya nini?"

Emérence alimweleza. Charlène hakuwa mtu wa fizikia, alikuwa mshonaji, lakini alisikiliza mpaka mwisho.

"Sasa alivunja kazi yako yote?"

"Angevunja ningejua! Kikombe kikivunjika unatafuta kingine. Huyu alipasua, akafuta, akanyamaza. Na zile nyuzi nzuri, sijui zilitoka kwa kifuniko gani. Na zile mbaya, sijui. Vipimo vyote nilivyochukua tangu mwezi wa tatu havina maana, Charlène. Vyote."

Charlène alichomoa kisigino kimoja kwenye udongo. "Utasema leo? Mbele ya batu yake?"

"Leo hapana. Leo nitacheka mpaka mashavu yaume."

Na ndivyo alivyofanya. Aliporudi ndani alimmiminia hata kasiksi mama yake Hugues.

Jumatatu asubuhi alivitoa vifuniko vyote viwili kabatini na kuvipeleka dirishani. Cha kwanza kilikuwa kizima. Cha pili alikigeuza mara kadhaa kabla hajaona ule mstari, mwembamba kama unywele, umefichwa na vumbi la unga. Kikiwa baridi ulikuwa umefunga kabisa. Kwenye joto lazima ulikuwa unajiachia. Tangu mwezi wa tatu alikuwa ameinua kifuniko hiki na kile, macho yake yakikimbilia nyuzi. Nani angetazama kifuniko?

Hugues aliingia na mandazi kwenye karatasi. Charlène alikuwa ameshaongea naye, hilo lilionekana usoni.

"Shemeki, kumbe ulikasirika jana."

"Weka mandazi hapo. Usiguse kitu kingine."

"Sikujua."

"Haukuuliza."

"Na weye haukuniuliza!" Kisha akaona macho yake. "Bon. Nifanye nini?"

Alichotaka Emérence ni jaribio moja safi. Alichukua nyuzi zilizokuwa zimekauka tayari, zote za donge moja la unga, akazigawa nusu kwa nusu, akazizika kwenye vikombe viwili, kimoja na kifuniko kizima, kingine na chenye ufa. Vyote aliviweka kwenye tanuri kwa pamoja, kwa joto moja. Hugues alipewa kazi ya kukaa mlangoni asiingie mtu. Joto lilipanda vizuri mchana wote, na lilipokaribia elfu moja, umeme ukakatika.

Emérence alizima swichi ya tanuri. Alikwenda kuketi kwenye ngazi.

Kesho yake aliweka nyuzi nyingine za donge lile, na umeme ukakatika mapema zaidi. Jenereta ya kitivo ilikuwepo, lakini haikuwa na mafuta, na mwenye kuyatoa alikuwa kwenye mkutano wa kujadili uhaba wa mafuta. Siku ya tatu Hugues hakuonekana asubuhi. Emérence alikuwa ameshaanza kumsema moyoni alipomwona anapanda kilima na bidoni la mazuti, mafuta ya jenereta, begani, shati limelowa jasho.

"Nimeazima," alisema, akihema.

"Kwa nani?"

"Usiulize. Washa tanuri."

Umeme ulipokatika mchana, jenereta ilichukua kazi, na joto halikushuka ila kidogo. Walikaa pale mpaka muda ulipotimia, wakaliacha tanuri lipoe lenyewe.

Asubuhi ya Alhamisi Emérence alifungua kikombe chenye kifuniko kizima kwanza. Nyuzi zilikuwa zimenyooka, rangi ya jino. Alidondosha moja mezani. Ililia. Akafungua cha pili: mikia ya panya, nyepesi, na alipoweka tone la maji juu ya uzi mmoja ulilinywa kama udongo mkavu. Mchana alizipolariza zote, yaani akaziamsha kwa umeme mkali, kisha akazipima. Zile nzuri zilitoa umeme karibu mara tatu ya zile nyingine.

Hugues alitazama namba kwenye mashine, akavua kofia. "Kifuniko tu?"

"Kifuniko tu."

"Mungu wangu."

"Sasa utaenda kumwambia Profesa."

Hapo ndipo Hugues naye alipoanza kujikunja. Yale mawe ya Mwenga, alisema, kusema kweli Profesa hakuwa ameyaruhusu. Tena kikombe kile alikichukua bila kuomba. Afadhali wangoje dot, yaani mahari, ipite, kwanza wazee wakutane tena, halafu...

"Mwisho wa mwezi nitaanza kuchoma matofali, Hugues!"

"Nasema tu kidogo, shemeki. Wiki mbili."

Emérence alitoa simu, akampigia mdogo wake, akaiweka mezani na sauti imefunguliwa. Charlène alisikiliza maelezo yote bila kukatiza.

"Hugues," alisema mwishoni.

"Chérie."

"Kama uko naogopa Profesa, sawa. Lakini ukimaliza kuogopa yeye, utaanza kuogopa miye. Na miye sina mwisho wa mwezi."

Walikwenda wote wawili mchana huohuo. Hugues alisema, akiwa amesimama, akianza na hali ya jumla ya vifaa vya maabara nchini, mpaka Emérence alipokohoa. Ndipo akasema sawasawa: nilikichukua, kilianguka, nikanyamaza. Profesa Grégoire alikishika kile kifuniko, akakielekeza kwenye dirisha, akakaa nacho muda mrefu.

"Weye," alimwambia Hugues, "tanuri haukaribie mpaka nitasema." Kisha akamgeukia Emérence kwa upole uleule. "Na weye, ma fille. Juu ya nini haukuangalia kifuniko?"

Kitu fulani kilikatika ndani ya Emérence, na safari hii hapakuwa na migomba.

"Kwa sababu niliangalia moto, Professeur! Niliangalia unga, niliangalia umeme, niliangalia mpaka ukungu wa ziwa! Na nilipomaliza kuangalia vyote, uliniambia niangalie mkono wangu. Nikauangalia. Wiki nzima nimekuwa nauangalia huu mkono kama ni wa mtu mwingine!"

Hakuwa amewahi kumpandishia sauti mtu mwenye mvi zile. Hugues alikuwa anatazama sakafu.

Profesa aliweka kifuniko chini polepole. Aliichukua ile karatasi ya matofali, ambayo Emérence alikuwa ameirudisha mezani, akaikunja, akaitia kwenye droo.

"Nilisema vibaya juu ya mukono," alisema. Akaisukuma droo ikafunga, akaongeza, "Lakini bipimo byote unapashwa kurudilia."

"Najua."

"Byote."

"Professeur, najua."

Alirudia vyote. Ilimchukua masika yaliyobaki na kiangazi kizima, na alilalamika karibu kila siku, lakini sasa moto ulikuwa unaongea lugha moja. Kwenye joto la chini nyuzi zilibaki na matundu. Alipopandisha kidogo kidogo ziliziba, zikawa nzito, umeme wake ukapanda. Alipozidisha tu, chembe zikanenepa na umeme ukaanguka. Mstari ulichorwa kwenye karatasi ukiwa na kilima kimoja kizuri katikati. Profesa alikwenda kuuonyesha kwa marafiki zake wa kituo cha utafiti cha Lwiro kabla hata Emérence hajaandika ukurasa wa kwanza.

Mvua zilipoanza tena, Emérence na Hugues, ambaye sasa alikuwa shemeki halali wa kanisani na wa ng'ombe, walibeba chuma cha kwanza mpaka kwenye mteremko mmoja juu ya Kadutu, mahali ambapo nyumba zimeshikilia udongo kwa kucha. Walikichomeka, wakaunganisha waya, Emérence akapiga magoti mbele ya mashine kwenye matope.

Sindano iliruka. Ikaruka tena, kwa nguvu.

"Inasikia!" Hugues alipiga kelele. "Shemeki, mulima unasogea?"

Emérence aliinua kichwa. Hatua chache juu yao mbuzi mwenye kamba shingoni alikuwa anashuka akitafuna. Kila alipoweka kwato chini, sindano iliruka. Alipofika kwenye chuma alisimama, akajikuna ubavu juu yake, na sindano ikagonga mwisho wa kipimo na kukaa hapo.

"Muondoe," alisema Emérence.

Hugues alimvuta mbuzi kwa kamba. Nyuma yake alikuwa anakuja wa pili, na nyuma ya wa pili mwanamke mwenye beseni la nguo, kisha wanafunzi wanatoka shule wakikimbia, na kila mmoja wao sindano ilimsalimia kwa adabu. Emérence alikaa chini kwenye matope kabisa, akafuta miwani kwa upindo wa kitenge, akaanza kuwaza ni namna gani uzi mmoja utafundishwa kutofautisha mbuzi na mlima.